Koti la Mabaka Nyuma ya Mlango

Nilipofika Goba kwenye msiba wa Shemeji Issa, mtu wa kwanza niliyemwona alikuwa Shemeji Issa mwenyewe. Alikuwa anapita katikati ya masufuria uani, anachechemea mguu wa kulia, amevaa koti lake la mabaka, anapima meza ya watu kwa shibiri na kutikisa kichwa kwamba fundi aliyeitengeneza alikuwa mwizi wa misumari. Wanawake waliokuwa wanamenya vitunguu walikuwa wanalia na kucheka kwa pamoja. Nilisimama mlangoni na mkoba wangu mpaka alipogeuka nikauona uso wa Mzee Komba. Nilipaswa kujua. Komba ni Mngoni, marehemu alikuwa Myao, na hao wawili walikuwa watani kwa kabila kabla hawajawa marafiki kwa hiari yao. Mtani ana kazi yake msibani: anavaa nguo za marehemu, anatembea mwendo wake, anasema maneno yake, anawakera wafiwa mpaka wacheke. Walikuwa wameshazika, foleni ya magari ilinichelewesha, na Komba alikuwa katikati ya kazi hiyo. Ana miaka themanini na kitu. Fimbo yake alikuwa ameitupa kando ili amwigize mwenzake vizuri, na vijana walimfuata nyuma nyuma wakihofia ataanguka. Mjukuu mmoja akamnong'oneza kwamba siku hizi raia haruhusiwi kuvaa magwanda, polisi wakipita watamkamata. Komba akamjibu kwa sauti ya marehemu, ile ya puani, kwamba hili si gwanda tena, hili limefuliwa na Hawa. Watu wakageuka kunitazama. Waliojua kisa wakacheka, wasiojua wakaanza kuulizana, nami nikajifanya natafuta mahali pa kuweka mkoba.

Hawa ndiyo mimi, na kisa chenyewe ni cha mwaka mmoja tu, mwaka wa tatu baada ya Azimio la Arusha, nilipokuwa na miaka kumi na minane na nikijiona najua kila kitu kuhusu kufua. Nilikuwa nimeajiriwa katika chumba cha dobi cha hospitali moja mjini. Kazi ilikuwa mashuka, magauni ya wagonjwa na taulo za chumba cha upasuaji, na msimamizi wetu alikuwa mzee mkali aliyetufundisha mambo mawili ambayo sijayasahau. La kwanza, damu hutolewa kwa maji baridi na chumvi. Ukiimwagia maji ya moto umeipika, haitoki tena. La pili, baada ya damu kutoka, chemsha. Kila kitu kichemshwe. Nilipanga chumba Kinondoni, nyumba ya vyumba sita, vitatu kila upande, ukumbi katikati, na uani kulikuwa na jiko la mabati, choo na kamba mbili za kuanikia. Maji tuliteka bomba la mtaani kwa debe. Kuta za vyumba zilikuwa hazifiki kwenye bati, kwa hiyo mtu akikohoa chumba cha mbele, wa chumba cha nyuma alimpa pole. Chumba changu kilipakana na cha Issa Chitete na mkewe Somoe, na katika nyumba nzima nilijifunza kuwajua hao kuliko wote, kwa kuwaona na kwa kuwasikia.

Issa alikuwa seremala wa vitanda na milango. Alikuwa pia polisi wa akiba, maana yake jioni fulani za wiki alikwenda kwenye mazoezi uwanjani, na siku za sherehe alisimama barabarani akiwa na filimbi. Hatukulichukulia kuwa jambo kubwa. Komba, aliyepanga chumba cha mbele na aliyekuwa tarishi katika ofisi moja ya serikali, alikuwa akimwambia kwamba nchi inayolindwa na Myao mwenye filimbi imeshauzwa. Lakini mwaka ule mambo ya kusini yalikuwa mabaya, Mreno alikuwa ng'ambo ya Mto Ruvuma anapigana na wenye nchi yao, na vita vilikuwa vinavuka mto kuja kwetu. Zikahitajika doria za mpakani, na watu waliozaliwa kule, wanaojua lugha na vijia, wakaanza kuitwa. Issa alizaliwa karibu na Tunduru. Akaitwa. Aliondoka na suruali ya kaki akarudi baada ya miezi mitatu na koti zito lenye mabaka ya kijani, kahawia na rangi ya majani makavu. Hakuna mtu mtaani kwetu aliyekuwa amewahi kuona nguo ya namna ile kwa karibu. Watoto waliligusa, wanawake wakauliza kama hiyo rangi ndivyo ilivyo au limechafuka.

Lilikuwa limechafuka pia. Mkono mmoja ulichanwa na miiba, kifungo cha juu hakikuwepo, mgongoni palikuwa na udongo mwekundu ulioingia mpaka kwenye nyuzi, na upande wa kifua kulikuwa na doa la damu lenye ukubwa wa kiganja. Issa alisema ni ya mbuzi. Komba akasema hajapata kumwona Myao akichinja mbuzi bila kuvaa nusu yake. Issa akacheka, ila sikumsikia akimhadithia mtu yeyote mbuzi huyo alichinjwa wapi. Alikuwa nyumbani kwa likizo ya wiki moja. Katika wiki hiyo alinitengenezea kitanda kwa vipande vya mbao vilivyobaki kazini, kitanda cha kwanza kuwa changu peke yangu, na alipokileta akanitaka nikilalie palepale mbele ya watu ili aone kama kinalia. Hakikulia. Ninacho mpaka leo, kimebadilishwa chaga mara mbili tu.

Lazima niseme tulivyokuwa tunakula, kwa sababu hapo ndipo adhabu yangu ilipokuja kuwekwa. Somoe alikuwa na kama miaka ishirini na sita, mwanamke mwembamba mwenye maneno machache, na alinipokea kama mdogo wake tangu wiki ya kwanza. Mimi nilileta nilichopata, yeye akapika, na tukala pamoja uani juu ya mkeka: yeye, binti yao Zuhura wa miaka mitano, mimi, na mpangaji yeyote mwanamke aliyekuwa karibu. Sinia moja. Ugali wa muhogo, kisamvu cha nazi, siku nzuri wali na mbaazi. Somoe alikuwa na tabia ya kumsogezea mtu kipande cha samaki kwa kidole bila kumtazama, na ukisogezewa ulijua siku hiyo amekupenda. Nilisogezewa mara nyingi.

Issa aliondoka kurudi kusini Jumatano alfajiri. Alikuwa amepewa koti jipya, kwa hiyo lile la zamani Somoe alimwomba aliache. Alilitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba chao, na Zuhura alikuwa akijifunika nalo akilala mchana, kwa kuwa lilikuwa na harufu ya baba yake: jasho, moshi wa kuni na tumbaku. Somoe alikuwa na miiko yake kuhusu safari. Mtu akiondoka nyumba haifagiwi siku hiyo, maana hufagiwa hivyo baada ya maiti kutoka. Huo niliujua, kwetu pia ulikuwepo, na siku ile sikufagia. Najisifu kwa hilo mpaka leo. Ila siku chache baadaye Somoe alikwenda na Zuhura kliniki, mimi nilikuwa na mapumziko ya kazini, mlango wa chumba chao ulikuwa wazi kama siku zote, na koti lilikuwa pale na damu yake. Nikawaza: huyu amenitengenezea kitanda, mkewe ananilisha, nami kitu ninachokijua duniani ni kimoja.

Nililifua kama ninayefanya mtihani. Kwanza maji baridi na chumvi, na damu ikatoka yote, nikafurahi. Udongo wa Tunduru ukakataa. Basi nikafanya tulivyofanya kwa mashuka ya wodi: nikabandika debe jikoni, nikatia magadi na vipande vya sabuni ya mche, nikalitumbukiza na kulichemsha huku nikiligeuza kwa mti. Maji yakawa ya kijani, nikadhani ni uchafu. Nilipolitoa na kulisuuza, mabaka yalikuwa yamebaki, lakini yamefifia, yanafanana na madoa ya chai kwenye kitambaa cha meza. Hata hivyo lilikuwa safi. Nikalishona mkono uliochanika, nikatia kifungo cha suti, nikalianika katikati ya kamba ambapo kila anayeingia angeliona. Nilikaa kwenye kigoda nikimsubiri Somoe arudi anisifu.

Aliingia na Zuhura mgongoni, mtoto amesinzia. Akaliona koti. Alimtelemsha Zuhura, akamlaza kwenye mkeka, akaenda kuushika mkono wa koti akaunusa.

“Nani kalifua?”

“Mimi, dada. Lilikuwa na damu.”

“Hawa, mdogo wangu.” Hakuinua sauti. “Nguo ya mtu aliye safarini hufuliwa akisharudi. Au akishazikwa. Sasa niambie, wewe umelifua kwa lipi?”

Nilijaribu kusema sikujua. Nilisema nilitaka kumsaidia. Alilianua koti likiwa bado linatiririka, akaingia nalo chumbani akalirudisha kwenye msumari wake nyuma ya mlango. Halafu akatoka, akachukua beseni, akaliweka chini yake. Kutwa nzima na usiku wake nilisikia kupitia juu ya ukuta yale maji yakidondoka kwenye beseni, tone kwa tone, na siku ya pili asubuhi nikamsikia Zuhura akiuliza kwa nini koti halinuki baba. Somoe akamwambia baba amekwenda na harufu yake. Maji ya lile beseni hakuyamwaga, kana kwamba akiyamwaga atamwaga na mwenye koti. Aliyafunika kwa kawa na kuyaweka pembeni chini ya kitanda, na hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Jioni yake nilipotoka uani wakati wa chakula nilikuta sinia limewekwa na watu wameshaketi. Somoe akanyanyuka, akaingia jikoni, akaniletea sahani yangu peke yangu, imepakuliwa vizuri, samaki mzima, imefunikwa kwa kawa. Akanikabidhi kwa mikono miwili kama anavyopewa mgeni wa heshima. Nikaelewa. Nikaenda kula chumbani kwangu, nimeketi juu ya kitanda alichonitengenezea mumewe. Tangu siku hiyo ndivyo nilivyokula. Hakunitukana, hakuninunia, salamu aliitikia, maji nikikosa alinipa. Ila kila mlo ulikuja umefunikwa. Sasa nimezeeka nimeshasemwa na watu wengi na maneno yamepita, lakini ile sahani nzuri yenye kawa sijaona adhabu iliyonichoma kama hiyo. Mtu anapokutukana unaweza kujibu. Nitamjibu nini mtu aliyenipa samaki mzima?

Ikawa tunasubiri. Safari ya kwanza Issa alikuwa akituma barua kila baada ya wiki mbili, anaikabidhi kwa dereva wa basi anayemjua, dereva anaiacha kwenye duka la Mwarabu pale kona, na mwenye duka anamtuma mtu kuja kutuita. Safari hii wiki mbili zikapita, nne zikapita. Nilikuwa nikitoka kazini napitia dukani kabla ya kwenda nyumbani, na mwenye duka akiniona tu anatikisa kichwa kabla sijamaliza kuamkia. Redioni walikuwa wanataja Ruvuma. Nilikuwa nasema moyoni kwamba maji na sabuni haviwezi kumfikia mtu aliye umbali wa safari ya siku tatu, mimi ni mfanyakazi wa hospitali, najua watu wanakufa kwa nini. Nikishamaliza kusema hivyo nasikia kupitia juu ya ukuta Somoe anavyomsomea mumewe dua, nami naiitikia kimyakimya upande wangu. Niliogopa. Sina neno jingine. Niliogopa kwamba nimemuua mtu kwa kumfulia nguo, na kwamba mkewe anajua hivyo na ana adabu mno, hawezi kunitamkia.

Wiki ya sita wanawake wa mtaa wakaanza kuja. Hawakuja kutoa pole, maana hakukuwa na msiba; walikuja tu kukaa, wakaketi kwenye mkeka wa Somoe, wakazungumza kwa sauti ya chini, na mmoja akashauri asomewe Issa hitima ndogo, popote alipo. Kila mtu alielewa popote ni wapi. Somoe alikuwa anakunja na kukunjua pindo la kanga yake. Hapo Komba akaingia kutoka kazini, bado na mfuko wake wa barua begani, akatutazama wote, akapita moja kwa moja mpaka chumbani kwa Somoe na kutoka na lile koti. Akasimama nalo katikati ya uwanja.

“Nani mtani wa Issa katika nyumba hii?” akauliza.

Akajijibu mwenyewe kwamba ni yeye.

“Na Issa akifa, koti hili analivaa nani?”

Mama mmoja akamwambia astaghafiru.

“Nauliza tu. Mnaniona nimelivaa? Mie Mngoni, shemeji, haki yangu siiachi. Siku mkiniona nimetia mkono humu, ndiyo mje na mikeka yenu. Leo hakuna kitu hapa, kila mtu akapike kwake.”

Somoe akacheka. Kicheko kilimtoka puani, akajiziba mdomo kwa kanga, halafu machozi yakafuata, lakini alicheka kwanza. Komba akalirudisha koti kwenye msumari. Kuanzia siku hiyo, kila asubuhi Komba alipotoka kwenda kazini, nilimwona Somoe anachungulia mlangoni kutazama amevaa nini. Alikuwa amevaa shati lake la kazi. Siku ikaendelea.

Askari alikuja Jumamosi karibu na adhuhuri, kwa baiskeli. Nilikuwa nachambua mchele kwenye ungo na Somoe alikuwa anatwanga kisamvu. Askari aliegemeza baiskeli ukutani, akavua kofia, akauliza kama kwa Issa Chitete ni hapa. Mimi nikaitikia ndiyo. Somoe aliendelea kutwanga. Askari akatoa karatasi, akasogea, akaanza kusema “Mama”, na Somoe akazidisha. Kisamvu kilikuwa kimelainika zamani, kimekuwa maji ya kijani yanayoruka nje ya kinu na kumrukia miguuni, naye anatwanga tu, anatazama ndani ya kinu, maana mchi ulipokuwa unashuka hakuna neno lililoweza kupita. Askari alikuwa kijana. Alinitazama mimi, kofia mkononi, hajui afanye nini. Nikaweka ungo chini. Nikaenda nikaushika mchi ukiwa juu, na tukaushika wote wawili, mimi na Somoe, kwa mara ya kwanza tangu siku ya koti tukiwa karibu kiasi cha kugusana.

“Aseme na wewe upo,” Somoe akaniambia. “Na wewe usikie.”

Askari akasoma. Polisi wa akiba Issa Chitete amelazwa hospitali, Masasi, ameumia mguu, alikuwa na homa kali muda mrefu, atarudishwa Dar es Salaam gari likipatikana. Somoe akamtazama.

“Anaongea?”

“Wanasema anaongea sana, mama. Mpaka wauguzi wanalalamika.”

Hapo ndipo alipoamini. Akaniachia mchi wote mikononi mwangu, akaenda chumbani kwake akafunga mlango. Nikamaliza kutwanga, ingawa hapakuwa na cha kumaliza, nikakiteleka mimi mwenyewe na nazi nikatia. Jioni sahani yangu ililetwa chumbani, kisamvu changu nilichokipika kwa mikono yangu, kimefunikwa kwa kawa. Nililia kwa furaha kwamba mtu yu hai na kwa uchungu wa ile sahani, na sikuweza kutenganisha kipi ni kipi.

Alirudi kwa gari la polisi, na magongo. Habari yenyewe ilikuwa hivi: katika doria walikata njia ya mkato pembeni ya mashamba, na Issa, aliyeitwa kwa sababu anajua vijia vya kwao, akatumbukia kwenye shimo la mtego wa nguruwe lililochimbwa na wakulima wa palepale. Kigingi kilimpitia unyayo. Jeraha likaoza, homa ikapanda, na mwenzake aliyekuwa akimwandikia barua alikuwa ameshapelekwa kambi nyingine. Mguu haukukatwa, lakini haukunyooka tena. Komba alipoisikia habari hii hakulala. Mreno kamkosa, alisema, nguruwe wamempata, na Mwislamu mwenyewe. Aliisema kwa zaidi ya miaka hamsini. Leo asubuhi, nimeambiwa, aliisema tena mbele ya jeneza.

Siku ya pili ya kurudi kwake Issa alitoka kula uani pamoja nasi, amekalia kiti kwa sababu ya mguu, akaona Somoe ananyanyuka na sahani yenye kawa.

“Hiyo ya nani?”

“Ya Hawa.”

“Kwa nini Hawa anakula kama mgeni?”

Komba, aliyekuwa anapita tu kwenda kuoga, akasimama na taulo lake shingoni akasimulia yote, debe, magadi, beseni, siku aliyokataa kulivaa, akinogesha kila alipoona pamepooza. Issa akasema aletewe koti. Akaligeuza, akayatafuta mabaka, akalinusa, akasema linanuka hospitali. Akalivaa juu ya fulana yake. Kisha akaniambia kwamba kama ningekuwa na akili ningelifua siku ileile aliyorudi nalo, maana kule alinuka nalo mpaka wenzake walikataa kulala upande wa upepo. Watu wakacheka. Mimi sikuweza. Nilimuuliza kitu kimoja nilichokuwa nimekihifadhi kwa wiki zote zile: shimoni aliingia siku gani. Nilitaka kuhesabu. Akaacha kutabasamu.

“Hawa, mie nilikanyaga, wewe ulifua. Hizo ni kazi mbili tofauti.”

Siku hakunitajia, siku ile wala baadaye, na naamini aliijua. Somoe aliiweka ile sahani chini. Akarudi kwenye mkeka akakaa, na alipokaa akasogeza goti lake pembeni, kiasi cha kumtosha mtu mmoja. Nikakaa. Tukala. Samaki hakunisogezea, lakini nilikula kwenye sinia.

Alipotolewa kwenye kazi ya akiba kwa sababu ya mguu, Issa alikwenda kurudisha vitu vya serikali: viatu, mkanda, filimbi, makoti mawili. Lile jipya wakalipokea. Lile langu mtunza ghala akalishika kwa vidole viwili, akalilinganisha na mengine rafuni, akasema hili si letu, rudi nalo. Ndiyo maana lilibaki nyumbani. Alilivaa karakana, alilivaa mvuani, alihama nalo kutoka Kinondoni hadi Goba wakati Goba bado ni vichaka, akajenga, akazeeka ndani yake. Akiulizwa na wageni alisema ni zawadi kutoka kwa dobi.

Nami na Somoe tukawa ndugu, sitanii, tumezaa pamoja na kuuguza pamoja. Ila kuna kitu kimoja alikitunza. Nyumbani kwake sikuruhusiwa kufua, wala kuosha hata kikombe. Nimekwenda kwenye harusi zake na arobaini za wajukuu zake, nikaingia jikoni nikakunja mikono ya gauni, na kila mara mkono wake ulikuja kuchukua bakuli mkononi mwangu. “Acha, Hawa.” Hivyo tu, kwa upole. Nilifanya kazi ya dobi hospitali mpaka nikawa msimamizi, nimechemsha mashuka ya waliopona na ya waliokufa ndani ya pipa moja, na kama ungeniuliza kazini ningekwambia hakuna uhusiano wowote baina ya nguo na roho ya mtu. Lakini mwanangu akisafiri, shati aliloliacha halioni maji mpaka apige simu kwamba amefika. Mkwe wangu ananicheka. Acha anicheke.

Basi leo, baada ya swala ya alasiri, Komba alipochoka, vijana wakamkalisha kwenye kiti, na akalivua koti mwenyewe, kifungo kwa kifungo. Kile cha juu ni changu, nilikitambua. Alipolikunja akawa si Issa tena, akawa mzee tu aliyefiwa, akaniomba nimpelekee Somoe ndani maana yeye hawezi kusimama. Nikaingia. Somoe alikuwa ameketi kitandani, tayari kwenye eda yake, Zuhura pembeni yake, na Zuhura naye siku hizi ana mvi. Nilimpa koti. Alilinusa, kama alivyolinusa mwaka ule kwenye kamba, akakaa nalo usoni muda ambao sikuuhesabu. Halafu akaninyooshea.

“Lifue,” akasema.

Sikulipokea mara moja. Nilidhani sikumsikia vizuri.

“Amesharudi na ameshazikwa. Hana safari nyingine. Lifue wewe, Hawa. Na usilichemshe.”

Nilikwenda bombani uani nikakunja mikono ya gauni, na hakuna mkono uliokuja kunizuia. Nililifua kwa maji ya baridi na sabuni kidogo, taratibu, kola, kifua, mshono wangu wa mkono ambao bado umeshika. Maji yalikuwa na rangi ya vumbi la mbao. Nilipolianika lilikuwa zito, linatiririka kwenye sakafu ya uani walipokuwa wanapita watu na sahani, na kwa mazoea ya miaka nikachukua beseni nikaliweka chini yake. Nikasikia dirisha la chumbani linafunguliwa nyuma yangu.

“Usikinge, mdogo wangu,” Somoe akasema. “Acha yamwagike.”

Nikaliinua beseni. Maji yakadondoka chini mpaka magharibi.